Nani Anashika Mita? Majengo ya Umma, Ubia na Bili ya Stima

Jumamosi nilialikwa kuzungumza kwenye kikao cha klabu yetu ya mijadala, na wengi mliokosa mmeomba maandishi. Haya hapa, nimeyaweka kama uzi. Sheria ya ukurasa huu mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukitaja kwenye maoni, nafuta. Tuongee mambo yenyewe.

Basi nilisema hivi.

Mwenyekiti, wenzangu, asanteni kwa nafasi.

Nianze na takataka. Mnakumbuka Februari 2025, malori ya Kaunti ya Nairobi yalipomwaga taka mbele ya Stima Plaza? Kenya Power ilikuwa imekatia ofisi za kaunti stima kwa deni ililosema ni takriban shilingi bilioni 3. Kaunti ikajibu kwamba yenyewe ndiyo inadai zaidi, ada za nguzo na nyaya zinazopita kwenye ardhi yake. Wiki hiyo mtandao uliwaka. Kuna waliosema kaunti ilipe kama sisi tunavyonunua tokeni, kuna waliosema kampuni ilipe ada kwanza. Mimi pia nilitupa maneno yangu, na mengine nimeyafuta.

Lakini kuna swali sikuona mtu akiuliza, na mimi sikuuliza. Hiyo stima yote iliyozaa deni, ilifanya kazi gani? Ni kiasi gani kiliwasha taa ya mtu anayehudumiwa, na ni kiasi gani kilichomeka bure?

Bili ya stima ni vitu viwili tu: bei ya uniti, na idadi ya uniti. Kwa siasa zetu tunapigania bei. Kila kampeni bei itashuka, kila bajeti mtu anapewa lawama ya bei. Idadi ya uniti haina mtetezi, haina mkutano wa hadhara. Na ndiyo upande ambao mwenye jengo anaweza kuugusa bila kungoja mtu yeyote.

Hebu tuangalie nyumbani kwanza. Hosteli niliyokaa mwaka wa kwanza, taa za koridoo zilikuwa zinawaka saa saba mchana jua likiwa linachoma. Swichi ilikuwa ndani ya chumba cha mtu wa matengenezo, na mtu wa matengenezo alikuwa na funguo, na funguo zilikuwa nyumbani kwake. Pampu ya maji ilikuwa inajaza tangi la juu mpaka linafurika, kwa sababu kifaa cha kuizima kiliharibika na hakuna aliyekibadilisha. Sisi tukisikia maji yanamwagika ukutani tunajua ni saa kumi na mbili asubuhi. Tulicheka sana. Muhula uliofuata tukaambiwa bili imepanda, kwa hiyo maji ya moto ni mara tatu kwa wiki.

Sasa toa hiyo hosteli, weka hospitali. Hospitali ina chumba cha upasuaji, ina friji za damu na chanjo, ina mashine za kuchemsha vifaa, ina dobi, ina pampu, na haifungwi usiku. Kuna hata hasara ambayo wengi hawajawahi kuisikia. Wateja wakubwa wa stima hawalipii uniti peke yake, wanalipia pia mzigo wao wa juu kabisa wa mwezi. Na mota na mashine zinazovuta stima vibaya zikishusha kile mafundi wanaita pawa fakta chini ya 0.9, kuna tozo la ziada kwenye bili. Yaani unalipa adhabu kwa stima ambayo haikukufanyia kazi. Dawa yake ni sanduku la kapasita linalofungwa kwenye chumba cha swichi. Si teknolojia ya mwezini, fundi wa viwandani anaifahamu kabisa.

Kwa nini basi halifungwi? Hapa ndipo mambo yanakuwa ya siasa, ndiyo maana nimekuja na mada hii kwenu na sikuipeleka kwa watu wa uhandisi.

Bajeti ya serikali ina mafungu mawili, ya matumizi ya kawaida na ya maendeleo. Bili ya stima iko kwenye matumizi ya kawaida, inakuja kila mwaka, hata ikicheleweshwa inajulikana ipo. Kubadilisha taa, pampu, na boila ni maendeleo, na kwenye maendeleo unashindana na barabara, soko, na uwanja wa mpira. Barabara inakatiwa utepe. Wewe umewahi kuona mtu anakatia utepe pampu? Kwa hiyo pesa ya kulipa bili inatafutwa kila mwezi, na pesa ya kupunguza bili haipatikani miaka nenda miaka rudi.

Kuna na shida ya pili, mbaya zaidi. Tuseme msimamizi mmoja mwenye bidii amebana matumizi, bili imeshuka. Mwaka ujao wenye hazina wanaona alitumia kidogo, wanampunguzia. Jirani yake aliyeacha taa zikiwaka anapewa kama kawaida. Ukiwa wewe, utazima taa?

Kwa hospitali za umma hapo pamelegea kidogo. Sheria ya 2023 ya fedha za kuboresha vituo vya afya inaruhusu hospitali ibaki na mapato inayokusanya. Hospitali ikiokoa kwenye stima, kile kilichookolewa kinaweza kuwa glavu au dawa palepale.

Ndipo linakuja neno ubia. Najua, nikitaja ubia wa serikali na kampuni binafsi, nusu yenu mnashika mifuko. Mna haki. Nairobi tuna barabara ya juu ya kilomita 27 ambayo kampuni inakusanya ada kwa miaka 27. Tuna mikataba ya mitambo ya stima ambapo mtambo ukiwa tayari unalipwa, uwashwe usiwashwe. Na 2024 tulijua habari za JKIA kutaka kukabidhiwa kampuni ya nje baada ya karatasi kuvuja, mpango ukaja kufutwa Novemba. Ubia kwetu umekuwa neno la kufichia.

Lakini huu ninaoongelea una hesabu tofauti, na naomba mnifuate polepole.

Chukua hospitali ya kubuni. Inalipa stima shilingi milioni 1 kwa mwezi. Kampuni inakuja, inaikagua, inasema: nikiwekeza milioni 6 yangu kwa taa, pampu, kapasita, na maji ya moto ya jua, bili yako itashuka kwa shilingi 250,000 kila mwezi. Hospitali haitoi hata shilingi. Kila mwezi, kati ya hizo 250,000 zilizookolewa, kampuni inachukua 200,000 na hospitali inabaki na 50,000. Milioni 6 gawanya kwa 200,000 ni miezi 30. Ongeza riba na faida, sema miaka minne. Baada ya hapo vifaa ni vya hospitali na akiba yote ni yake. Na hiki ndicho kipengele chenyewe: ikiwa bili haikushuka, kampuni hailipwi. Hasara ni yake.

Linganisha na ule mtambo unaolipwa hata ukilala. Pale mwananchi amebeba hatari yote. Hapa, kama mkataba umeandikwa vizuri, mwenye kampuni ndiye halali usingizi.

Si ndoto. Jiji la Berlin lilianza kufanya hivi 1996. Majengo ya umma, mashule, ofisi, mabwawa ya kuogelea, yakawekwa mikononi mwa kampuni zinazolipwa kutokana na akiba, na zaidi ya majengo 1,300 yamepitia mpango huo, matumizi yakishuka kwa karibu robo. Wao wana baridi, akiba yao kubwa ilitoka kwenye mitambo ya kupasha nyumba joto, kwa hiyo msinakili hesabu yao mkaileta Kisumu. Kitu cha kunakili ni ujanja mmoja wa Berlin: hawakutoa jengo mojamoja. Waliyafunga mafungu, makubwa na madogo pamoja, na anayetaka zabuni anachukua fungu zima.

Mnaona kwa nini? Kampuni ikiachiwa ichague, itachukua hospitali ya rufaa na makao makuu ya kaunti, kwa sababu huko kuna pesa. Zahanati ya huko ndani na shule ya msingi ya madarasa manane zitaachwa na balbu zao. Wakati huohuo tutaambiwa kaunti imefaulu.

Sasa tufike kwa mita, maana kichwa cha mada ni mita.

Mkataba wote huu unasimama kwenye sentensi moja: bili ingekuwa kiasi gani kama tusingefanya kitu? Hiyo namba haipo popote, inakisiwa. Mnaangalia miaka miwili au mitatu iliyopita mnakubaliana, huu ndio msingi wa kulinganishia. Na hapo ndipo mwizi anaingilia, akitaka. Ukichagua mwaka ambao matumizi yalikuwa juu kupita kawaida, labda kulikuwa na ujenzi, labda mashine mbovu ilikuwa inavuja stima, kampuni itaonekana imeokoa hata kama imelala. Halafu kuna upande wa pili: hospitali imefungua wodi mpya na mashine ya CT, uniti zimepanda, mhasibu anasema akiba iko wapi, halipi. Kampuni inaenda kortini. Nani ana haki? Hakuna, kama mkataba haukusema wodi mpya itahesabiwa vipi.

Na tafadhali, akiba ipimwe kwa uniti. Sikieni hii vizuri. Bili yetu ya stima ina gharama ya mafuta na ya kubadilisha pesa za kigeni, na hizo zinabadilika kila mwezi kulingana na yale EPRA inayotangaza. Mvua ikinyesha mabwawa yakajaa, mafuta yanapungua, bili inashuka. Mkataba ukiwa wa shilingi, kampuni italipwa kwa sababu ya mvua. Shilingi ikidondoka bili inapanda, na kampuni iliyofanya kazi safi itanyimwa haki yake. Uniti hazijui dola.

Kwa hiyo ukisikia ubia wa namna hii unaletwa kwenye kaunti yenu, usianze na swali la kampuni ni ya nani. Hilo lipo, utalifikia. Anza na nani anashika mita. Ikiwa kampuni inayolipwa kwa akiba ndiyo inayopima akiba, funga mkutano uende nyumbani. Mpimaji awe mtu wa tatu, alipwe na pande zote mbili, na usomaji wa kila mwezi ubandikwe mahali mgonjwa anaweza kuusoma. Namba ya uniti si siri ya taifa.

Mtu ataniuliza, kwani tunahitaji kampuni ya nini, si sheria iko? Iko. Tangu 2012 kuna kanuni za usimamizi wa nishati. Kanuni hizo za 2012 ziliagiza jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kikaguliwe kila miaka mitatu na kitekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Mwaka huohuo kukaja kanuni za maji ya moto ya jua: jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku liweke mtambo wa jua, na majengo yaliyokuwepo yakapewa miaka mitano. Toka nje uangalie mapaa ya mtaa wako, kisha ingia bafuni kwako uangalie ile shawa ya stima. Huhitaji takwimu.

Ukaguzi peke yake unazaa ripoti, na ripoti inazaa vumbi. Nawapa sifa Chama cha Watengenezaji Bidhaa, KAM. Kituo chao cha nishati kilianzishwa na Wizara ya Kawi 2006, nacho ni ubia pia. Kimekuwa kikifanyia viwanda ukaguzi kwa bei nafuu. Viwanda vingi vilitekeleza kwa sababu mwenye kiwanda anaona faida yake mwenyewe. Mkuu wa idara ya serikali akiokoa milioni, mshahara wake ni uleule. Huo ndio mfereji ambao kampuni inayolipwa kwa akiba inaweza kuuziba, kwa kuwa ina njaa ambayo ofisi ya umma haina.

Majengo ya watu binafsi nitayapita haraka, tukiyaingia hatutoki leo. Angalia minara ya vioo Upper Hill na Westlands. Aliyejenga hailipi bili ya kiyoyozi, anayelipa ni mpangaji. Kwa hiyo aliyejenga ananunua kioo kizuri kwa macho, na mpangaji ananunua baridi kila mwezi. Nairobi! Mji wa baridi hivi, tunanunua baridi. Mombasa Mji wa Kale na Lamu walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vya kivuli, bila mshauri. Harare wana Eastgate, jengo la 1996 linalopitisha hewa ya usiku ndani ya zege ili mchana lipoe bila mitambo mikubwa ya kiyoyozi. Sisi tuliendelea na kanuni za ujenzi za 1968 hadi zilipobadilishwa 2024.

Mfano mmoja wa hapa unanigusa kwa sababu ni hosteli za wanafunzi. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn iliuza hati fungani ya kijani ya shilingi bilioni 4.3 kujenga hosteli zinazobana stima na maji. Nusu ya deni ilidhaminiwa na GuarantCo, taasisi inayotegemea pesa za serikali za nje. Hiyo pia ni pesa ya umma kuvuta pesa binafsi. Vyumba ni vizuri, sikatai. Mimi siwezi kulipa kodi yake, na wengi waliomo humu hawawezi. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye uwezo analala kwenye jengo linalookoa stima, na wa hosteli ya chuo analala chini ya tangi linalofurika. Hapo ndipo nataka pesa ya umma ianzie.

Kabla sijakaa, kuna hoja nimeiona sana kwenye maoni na inahitaji jibu la kweli. Watu wanasema, stima ya Kenya karibu asilimia 90 ni ya kijani, jotoardhi ya Olkaria, maji, upepo wa Turkana, sasa tunabana ya nini? Nakubali nusu. Ofisi ya serikali inafungwa saa kumi na moja jioni. Mzigo wa taifa unafika kileleni kuanzia saa moja usiku, sote tukipika na kuoga, na hapo ndipo mitambo ya mafuta inawashwa. Ukibana ofisi mchana hujazima mtambo wa mafuta usiku, na anayewauzia ubia huu kwa jina la tabianchi pekee anawapaka mafuta. Hospitali na hosteli ni tofauti, zinawaka usiku. Ila kwa ofisi, hoja yangu ni pesa. Mtambo wa Olkaria ni wa kijani na bili yake bado ni deni la bilioni.

Mwisho, nimejaribu kufanya ninachohubiri. Niliandikia kaunti moja, siitaji, nikaomba vitu vitatu: bili za stima za hospitali yake kubwa za miaka mitatu, kwa uniti, ripoti ya ukaguzi wa nishati kama ipo, na mkataba wowote wa ubia unaohusu stima ya majengo yake. Nilipeleka mwenyewe kwa mkono. Karani akasoma, akaniuliza natumwa na nani. Nikamwambia Kifungu cha 35 cha Katiba. Akacheka, akapiga muhuri nakala yangu.

Sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21. Leo ni ya kumi na mbili. Wakijibu, nitaziweka hapa kwenye uzi huu, ukurasa kwa ukurasa. Wasipojibu nitaweka picha ya ule muhuri, na tarehe yake.